Chuo cha jamii si collège: maneno yanayomsubiri Mkongo anayetaka kuwa mfamasia Marekani

Neno la Kiingereza "college" na neno la Kifaransa "collège" ni watoto wa mama mmoja wa Kilatini, lakini kila mmoja aliolewa ukoo wake. Katika kitivo chetu tunawaita marafiki bandia, tunawaandika kwenye safu mbili ubaoni, kisha tunawasahau mara baada ya mtihani wa tafsiri. Katika makala hii nataka kueleza mahali ambapo marafiki hao wanagharimu miaka na dola: safari ya Mkongo aliyefika Marekani hivi karibuni, anayeanza kwenye chuo cha jamii huku akilenga kuwa mfamasia.

Si safari ya watu wachache. Katika miaka ya bajeti ya 2016, 2019 na 2023, Kongo yetu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kati ya nchi walikotoka wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wengi wao ni watu wa mashariki waliopitia kambi za Tanzania, Burundi, Uganda au Rwanda, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango huo wa kupokea wakimbizi, lakini waliokwisha kufika wanaendelea na maisha, na vijana wao wako shuleni. Mmoja wao ni mdogo wangu, binti wa mama mdogo, aliyetoka Uvira, akamalizia sekondari katika kambi ya Nyarugusu, na sasa anaishi katika jimbo la Kentucky. Ana Diploma ya Serikali, sehemu ya biolojia na kemia. Tunapeana habari kwa ujumbe wa sauti, na wa kwanza kuhusu masomo yake ulisema hivi: "Yaya, chimie naijua. Ni maneno ndiyo inanisumbua." Tangu hapo amekuwa ananitumia maneno, nami namrudishia maelezo. Haya ninayoyaandika yametoka katika kazi hiyo.

Chuo kisicho na mwenzake kwetu

Tuanze na jina. Mama mdogo aliposikia kwamba binti yake ameanza "college", aliuliza kwa hasira: "Alishamaliza humanités, sasa banamurudisha tena ku collège?" Hakuwa na kosa. Kwetu collège ni shule ya sekondari, kama Collège Alfajiri ya Bukavu au Collège Boboto ya Kinshasa. Kwa masikio yake binti alikuwa amerudishwa nyuma miaka sita.

Marekani, "college" ni masomo ya juu, na "community college" ni aina moja ya chuo hicho. Ni chuo cha umma cha miaka miwili, chenye ada ndogo kuliko chuo kikuu, kinachompokea karibu kila mwenye cheti cha sekondari bila mashindano ya kuingia. Cha kwanza cha umma, Joliet Junior College katika jimbo la Illinois, kilianzishwa mwaka 1901, na leo viko karibu 1,000 nchi nzima. Mtu anaweza kusomea hapo kazi ya mikono, kujifunza Kiingereza, au kumaliza miaka miwili ya mwanzo ya shahada na kuhamia chuo kikuu.

Tukiita "chuo cha wananchi", msomaji wa Tanzania atafikiria Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kwa mfano wa Sweden, ambavyo havimpeleki mtu chuo kikuu kwa njia hii. Tukiita "institut supérieur", Mkongo atafikiria taasisi yenye shahada zake yenyewe hadi mwisho. Mimi nimechagua "chuo cha jamii", lakini sikuishia hapo. Nilimwambia mama mdogo: "Ni mlango wa chini wa chuo kikuu. Anayeupita anafika chumba kilekile, ila ngazi ndizo tofauti." Hapo akatulia. Neno peke yake halikutosha; ilibidi nieleze nyumba nzima.

Njia yenyewe

Kwetu, mwenye Diploma ya Serikali anayetaka famasia anajiandikisha moja kwa moja katika kitivo cha sayansi za famasia, na ratiba ya mwaka mzima anaikuta imebandikwa mlangoni. Marekani njia ina vipande viwili.

Kipande cha kwanza ni masomo ya awali, yanayochukua angalau miaka miwili: kemia ya jumla, kemia ya kaboni, biolojia, anatomia na fiziolojia, mara nyingi mikrobiolojia, hesabu za kalkulasi, takwimu, uandishi wa Kiingereza, na katika vitivo vingi somo la kuzungumza mbele ya watu. Kipande hiki, au sehemu kubwa yake, ndicho kinachoweza kusomwa katika chuo cha jamii.

Kipande cha pili ni kitivo cha famasia chenyewe, kwa kawaida miaka minne, na mwaka wa mwisho mwanafunzi anauishi zaidi hospitalini na katika maduka ya dawa kuliko darasani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shahada pekee inayomfungulia mtu kazi ya ufamasia huko ni Daktari wa Famasia. Baadhi ya vitivo vinataka kwanza shahada ya miaka minne. Vingine vinaridhika na masomo ya awali. Hesabu basi ni miaka sita hadi minane, bila kuhesabu muda wa kujifunza Kiingereza. Ule mtihani wa taifa wa kuingilia vitivo hivyo, ulioitwa PCAT, ulifungwa mwaka 2024, kwa hiyo uzito umehamia kwenye alama za masomo ya awali, barua za walimu na mahojiano.

Hapa kuna mtego ambao mwanafunzi wa kwetu hauoni, kwa sababu hakuzoea kuchagua masomo. Katika chuo cha jamii kuna kemia zaidi ya moja. Moja ni ya watu wasiosomea sayansi: inafundishwa kwa wepesi na inatosha kwa cheti chao. Nyingine ni ya wanaosomea sayansi, yenye hesabu na maabara kwa mihula miwili. Zote zinaitwa kemia, zote zina alama, lakini vitivo vya famasia vinaitaka ya pili. Mwanafunzi anayechukua ya kwanza kwa sababu saa zake zinaafikiana na kazi yake ya usiku anakuwa amelipa na kufaulu somo lisilompeleka anakokwenda. Ushauri niliompa mdogo wangu ulikuwa huu: kabla ya kuchagua somo lolote, chukua orodha ya masharti ya kitivo cha famasia unachokitaka, uende nayo mkononi kwa mshauri wa masomo, na uulize kwa namba ya somo, usiulize kwa jina.

Krediti na alama: namba nazo ni marafiki bandia

Tangu tulipoingia mfumo wa LMD, sisi nasi tunasema "krediti". Lakini krediti yetu ni takriban saa 25 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja una krediti 60. Marekani, krediti moja ni takriban saa moja ya darasa kwa wiki katika muhula wote, na mwaka wa kawaida una krediti 30. Kwa hiyo mtu akisema "nimebakiza krediti 60", kwetu ni mwaka mmoja, kule ni miwili. Na mtaani kwetu crédit ni vitu viwili vingine kabisa: pesa ya simu na deni la dukani. Mama mdogo aliposikia binti ana "krediti 12", alitaka kujua anadaiwa na nani.

Alama ndizo zinazoumiza zaidi. Kwetu asilimia 70 ni distinction, na mtoto akiileta nyumbani kuku anachinjwa. Kule asilimia 70 inaandikwa C, nayo ndiyo sakafu: vitivo vingi vya famasia havikubali somo la awali lililo chini ya C, na wanaoshindana kuingia wanaleta A na B. Mwenye asilimia 60 katika Mtihani wa Serikali alifanya kazi ya heshima, lakini ukiihamisha namba hiyo bila maelezo, kwa macho ya Mmarekani inakuwa D. Ndiyo maana hati zetu hazitakiwi kutafsiriwa tu. Zinapitishwa kwenye shirika la kutathmini vyeti vya kigeni, ambalo linasoma mfumo wa nchi kabla ya kusoma namba. Mtafsiri hubadilisha maneno, mtathmini hubadilisha vipimo. Mkimbizi mwenye pesa kidogo anapaswa kujua tofauti hiyo kabla hajalipa yeyote kati yao.

Kuna pia swali la Kiingereza. Chuo kinampima mgeni, na asiyefika kiwango anawekwa kwenye madarasa ya Kiingereza kwa wageni. Mara nyingi madarasa hayo hayahesabiwi katika krediti za shahada. Mdogo wangu aliyaona kama adhabu: mihula miwili bila kusogea. Nilimwomba aniambie lini alielewa swali la maabara bila kulisoma mara tatu. Alinyamaza, kisha akacheka. Ni kweli kwamba yanachelewesha, na ni kweli kwamba kemia ya kaboni haimsubiri anayetafuta maana ya kitenzi.

Neno "msaada"

Kama ningeruhusiwa kuweka alama ya hatari kwenye neno moja tu, ningeiweka hapa. Vyuo vya Marekani vina ofisi ya kile ambacho tungekitafsiri "msaada wa fedha". Kwa mtu aliyekulia kambini, msaada una maana moja: mahindi, mafuta, turubai, kitu unachopewa na usichorudisha. Katika chuo, neno hilo linafunika vitu vitatu. Cha kwanza ni ruzuku, isiyorudishwa. Kubwa kuliko zote ni Pell Grant ya serikali kuu, ambayo katika mwaka wa masomo 2024-2025 ilifika hadi dola 7,395 kwa mwenye uhitaji mkubwa. Cha pili ni kazi ndogo ndogo chuoni, inayolipwa mshahara. Cha tatu ni mkopo, nao unarudishwa pamoja na riba.

Yote matatu yanaombwa kwa fomu moja, FAFSA, iliyo wazi pia kwa baadhi ya wasio raia, kama wenye makazi ya kudumu. Majibu yake yanaweza kuja katika barua moja ambayo kwa Kiingereza inaitwa kwa neno lenye maana ya tuzo. Mkopo unakaa kwenye mstari wa nne au wa tano, katika orodha ileile ya tuzo. Hakuna aliyedanganya. Lakini Kiswahili chetu hakina sababu ya kuiga heshima hiyo. Katika orodha yetu nimeandika "ruzuku" kwa kisichorudishwa, "deni" kwa kinachorudishwa, na nimekataa "msaada" kwa vyote viwili. Watafsiri wenzangu wanaweza kusema kwamba "deni" ni kali mno kwa neno la kiofisi. Nakubali kwamba ni kali. Ndiyo maana nimelichagua, kwa sababu ada ya chuo cha jamii inaweza kufunikwa na ruzuku peke yake, ilhali kitivo cha famasia kitaleta mikopo mikubwa baadaye. Anayeanza na deni asilolijua anafika huko akiwa amechoka.

Licence, leseni na daktari

Kwetu licencié en pharmacie ni mtu mwenye shahada. Kule "licensed pharmacist" ni mtu mwenye ruhusa ya jimbo kufanya kazi. Mtu anaweza kuwa na shahada na asiwe na leseni: baada ya kitivo kuna mtihani wa taifa, NAPLEX, na mtihani wa sheria za dawa, ambao katika majimbo mengi unaitwa MPJE. Kwa hiyo Mkongo aliyesoma famasia hapa, akijitambulisha kule kwa kutafsiri neno lake neno kwa neno, anajipa ruhusa ambayo hana. Huyo ana njia yake nyingine: cheti cha wahitimu wa kigeni, FPGEC, chenye mtihani wake na kipimo cha Kiingereza, na kinachodai mtaala wa miaka mitano angalau kwa waliohitimu tangu 2003. Hatakiwi kuanza chuo cha jamii kama mtoto wa sekondari, na ni vizuri aambiwe hivyo mapema.

Kati ya muuzaji na mfamasia kuna pia fundi famasia, anayehesabu vidonge, kupokea maagizo ya daktari na kupanga dawa chini ya macho ya mfamasia. Mafunzo yake ni mafupi, na vyuo vingi vya jamii vinayatoa. Kwa mgeni mwenye familia ya kulisha ni kazi nzuri ya kumsomeshea: analipwa huku akizoea majina ya dawa. Ila cheti hicho hakipunguzi hata mwaka mmoja wa kitivo cha famasia. Maneno "technician" na "pharmacist" yako mbali. Maneno ya kwetu, "anafanya ku pharmacie", yanawaweka wote wawili kwenye benchi moja.

Upande wa pili wa kaunta

Mtu anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini sisi wa lugha. Yanatuhusu kwa sababu mwisho wa safari hiyo kuna mgonjwa. Chukueni maandishi ya kawaida kwenye kichupa cha Marekani, yanayomwagiza mtu "to take" kidonge kimoja "by mouth". Mkalimani mwenye haraka atasema "chukua kidonge kimoja kwa mdomo". Lakini kuchukua si kumeza, na "kwa mdomo" kwa Kiswahili ni namna ya kupeleka habari bila barua. Tunasema meza, au kunywa dawa, na mdomo unajulikana.

Saa ni hatari zaidi. Agizo la kumeza dawa kila baada ya muda wa saa nane likitamkwa "kila saa nane", linaweza kusikika kama agizo la kumeza mara moja kwa siku, saa nane mchana, yaani saa ambayo saa ya ukutani kule inaonyesha 2. Dawa ya kuua vijidudu inayotakiwa mara tatu inamezwa mara moja. Walimu wetu wa sarufi wanatukataza kusema "masaa", wakitukumbusha kwamba wingi wa saa ni saa. Lakini sikilizeni wazungumzaji: wengi wanasema "saa nane" kwa wakati wa siku na "masaa manane" kwa muda. Umbo linalokatazwa linafanya kazi ambayo umbo sanifu haliwezi kuifanya peke yake. Mfamasia anayejua hilo atasema "kila yakipita masaa manane, mchana na usiku, mara tatu", na mgonjwa atapona.

Hata jina la kidonge linatugawa. Wengi wetu wa Kivu tunasema "kinini", kama Warundi na Wanyarwanda wanavyosema "ikinini": dawa ya malaria, kwinini, iliyogeuka kuwa jina la kidonge chochote. Aliyezoea Kiswahili cha vitabu hataelewa kwa nini bibi wa Fizi aliyeko Kentucky anaomba "kinini ya kichwa" wakati hana malaria. Mdogo wangu ataelewa bila kuuliza. Ujuzi huo haumo katika masharti ya kitivo chochote cha famasia, na hakuna krediti zinazotolewa kwa ajili yake, lakini kuna siku utamwepusha mtu na hatari.

Kazi yetu

Tumezoea kufikiri kwamba istilahi ni kutafuta neno la Kiswahili na kuliweka mbele ya neno la kigeni. Kwa msomaji wa aina hii, hilo ni nusu ya kazi, na pengine nusu ndogo. Orodha tuliyoitengeneza na mdogo wangu ina maneno 43 hadi sasa, na kila neno lina mistari mitatu: kitu hicho ni nini kule, kinafanana na kipi kwetu na kinatofautiana wapi, na kitamgharimu nini mtu akikielewa vibaya. Mstari wa tatu haumo katika kamusi nilizozifungua maktabani kwetu, nao ndio anaousoma kwanza.

Muhula huu yuko kwenye kemia ya jumla, ile yenye hesabu, na ametoka kwenye madarasa ya Kiingereza. Kemia ya kaboni inamsubiri mwakani. Orodha iko wazi kwa mwenzetu yeyote wa kitivo anayetaka kuisahihisha au kuiongezea, hasa wanaojua Kibembe, Kifuliiru na Mashi, kwa sababu wazazi wengi walioko kule wanaelewa zaidi lugha hizo kuliko Kiswahili chetu cha darasani. Neno la 44 tayari limenishinda: ni lile la mtu anayesoma bila kupewa krediti, kwa kutaka kujua tu. Mwenye neno zuri aniletee.